Jino Limeshatoka, Sasa Kazi Ianze

Asanteni. Kaeni, tafadhali. Na wewe kijana wa safu ya tatu uliyeshika shavu tangu nilipoingia, nimekuona. Vumilia kidogo, nitakufikia.

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu gego la mwisho, lile linaloota nyuma kabisa mtu akiwa tayari anajiona mtu mzima. Kazi yangu ni kung'oa meno, na hayo ndiyo yanayonipa jasho kuliko mengine yote. Lakini leo sitasema sana kama mng'oaji. Miaka kadhaa iliyopita nililala mimi mwenyewe kwenye kiti hicho, macho yametazama taa, nikang'olewa gego la chini upande wa kulia. Siku ya tatu nikafanya upuuzi ambao kila siku nawakataza wagonjwa wangu. Nitawasimulia, aibu yangu iwafae.

Kwanza jina. Wengine huliita jino la akili, wengine jino la hekima. Waarabu nao wanalitaja kwa akili hiyohiyo, maana neno ni lao. Wajapani wanaliita oyashirazu, yaani jino wasilolijua wazazi, kwa kuwa huota wakati ambapo mzazi hayupo tena kukwambia “achama nione”. Wakorea wanaliita jino la mapenzi, kwa sababu huja katika umri wa kupenda, na wanaolijua wanasema huuma vilevile. Kwa kawaida linatokeza kati ya miaka 17 na 25, ndiyo maana nawaona ninyi mmekaa mbele yangu na si babu zenu. Wapo ambao haliwaoti kabisa, moja au yote manne. Hao wasidhani wamepunjwa akili. Wamepunguziwa safari tu.

Tatizo lake ni nafasi. Taya za wengi wetu zinaishia kabla meno hayajaisha. Ukipiga picha ya eksirei ya kinywa kizima unaliona limo ndani ya mfupa, limeinama mbele, paji lake limeegemea mgongo wa gego lililotangulia. Mengine yamelala kabisa kama mtu aliyejinyoosha kitandani. Mengine yametokeza nusu: kichwa kimechungulia, nusu nyingine imefunikwa na kipande cha ufizi kama mfuniko wa sufuria uliowekwa upande. Chini ya mfuniko huo chakula kinaingia, mswaki haufiki, na ufizi unavimba. Unapona baada ya siku chache, unasahau, mwezi wa pili unarudi.

Sasa swali ambalo huulizwa kila mara: je, lazima ling'olewe? Hapana. Si kila gego la mwisho ni adui. Uingereza, tangu mwaka 2000, mwongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, unasema gego lililokwama lakini halina ugonjwa lisifanyiwe upasuaji wa kinga. Madaktari wa nchi nyingine wana mkono mwepesi zaidi, na mabishano hayo hayajaisha. Msimamo wangu ni huu: ling'olewe likiwa na kosa. Limeoza mahali ambapo haliwezi kuzibwa, au ufizi wake unavimba na kurudia, au linamla jirani yake, au limezungukwa na kifuko cha maji ndani ya mfupa. Mtu akikwambia ling'olewe ili meno yako ya mbele yasipindane, muulize tena polepole, maana hiyo si sababu yenye mashiko. Lakini likiwa na kosa usiliwekee siku za mbele. Katika umri wenu mizizi yake haijamaliza kukua na mfupa bado una ulaini. Ukingoja miaka 20, jino ni lilelile ila mfupa umekuwa jiwe, na kupona kunachelewa.

Kabla ya siku yenyewe, mwambie daktari kila dawa unayotumia. Kila dawa, hata ile unayoona haihusiani na meno. Dawa za kuzuia damu isigande, dawa fulani za kuimarisha mifupa, za kisukari, vidonge vya uzazi wa mpango. Usiache mwenyewe dawa ya damu eti kwa sababu unakwenda kung'olewa jino. Uamuzi huo ni wa daktari anayekuandikia. Kama utapigwa ganzi ya sindano tu, kula vizuri kabla ya kuja. Kama utalazwa usingizi, utaambiwa ufunge kula na kunywa, na lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Si kwa sababu ya heshima. Ni kwa sababu utaahidi kwamba uko sawa na hutakuwa sawa.

Kuhusu kiti chenyewe sitakawia, maana ndicho mnachokiogopa na ndicho chenye shida ndogo. Sindano inachoma, kisha mdomo unakuwa mzito kama si wako. Mkumbuke jambo moja: ganzi inaondoa maumivu, haiondoi kusukumwa. Utahisi mtu anakukandamiza taya, utasikia mashine ikilia, na wakati mwingine jino linakatwa vipande ili litoke bila kuvunja mfupa mwingi. Kuna mlio utakaousikia wewe zaidi ya mimi, kwa sababu unapita ndani ya mfupa kwenda sikioni: kama tawi kavu linalokanyagwa. Mimi ninayeusababisha kila wiki, siku ile niliposikia wa kwangu nilishika mikono ya kiti mpaka vidole vikawa vyeupe. Sikuumia hata kidogo. Ukihisi maumivu makali, inua mkono, utaongezwa ganzi. Hakuna tuzo kwa anayevumilia.

Kitu kimoja mnachostahili kuambiwa kabla ya kusaini karatasi. Mizizi ya gego la chini mara nyingine inakaa karibu sana na mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Mwingine unapita upande wa ulimi. Ukiguswa, mtu anabaki na ganzi sehemu hiyo. Kwa wengi inaisha ndani ya wiki au miezi. Kwa wachache sana haiishi. Ndiyo maana daktari akiona kwenye picha kwamba mizizi imegusana na mshipa, anaweza kuomba picha nyingine inayoonyesha pande zote, au kukata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi ilale humohumo. Hiyo si kazi ya nusunusu. Ni kazi ya mtu anayejua anachokikwepa.

Haya. Jino limetoka, limewekwa kwenye kisahani, wewe umeshaliangalia ukashangaa lilivyo kubwa. Nyuzi zimepigwa. Hapo ndipo watu wanaposhusha pumzi na kusema yameisha. Mimi nasema ndiyo kwanza yanaanza.

Lilipotoka jino pamebaki shimo, na shimo hilo linajaa damu, na damu hiyo inaganda. Nataka mlielewe donge hilo kuliko kitu kingine chochote nitakachosema leo. Ni jekundu jeusi, linateleza kama ini, na linaonekana kama uchafu unaofaa kusafishwa. Siyo uchafu. Chini yake pana mfupa mtupu na ncha za neva, na hakuna kitu kingine kati ya ncha hizo na hewa. Nyama mpya inapanda kupitia humo humo kwenye donge, kama mmea unavyopanda kwenye uzio. Donge likikaa mahali pake, wewe huna kazi ila kungoja. Likitoka mapema, hakuna dawa ya dukani itakayokuambia pole.

Kwa hiyo saa za mwanzo zote ni za kulilinda. Utapewa kipande cha shashi ukiume kwa nguvu kwa nusu saa au zaidi. Kiume. Usikifungue kila dakika mbili kuchungulia, maana kila ukichungulia unalivuta donge linalojaribu kushika. Nimewahi kupigiwa simu usiku na mtu aliyebadilisha shashi mara 14 akishangaa kwa nini damu haikomi. Nilimwambia akunje moja safi, ailoweshe kidogo, aiume bila kuzungumza na mtu kwa nusu saa kamili, kisha anipigie. Hakupiga, alituma ujumbe wa neno moja, “imekoma”. Na mate yenye rangi ya waridi siku ya kwanza si damu inayokuua. Tone moja la damu kwenye mate linaonekana kama bakuli.

Saa 24 za kwanza usisukutue, na usiteme. Mate yameze, au inama yadondoke yenyewe. Usinywe kwa mrija, kwa sababu kuvuta kinywaji ndiko kunakovuta na donge. Pombe hapana, vinywaji vya moto hapana, mazoezi ya kutoka jasho hapana. Sigara ndiyo mbaya kuliko zote: inavuta, ina joto, na moshi wake unabana mishipa midogo ya damu inayokuja kutengeneza kidonda. Wavutaji hunijibu kwamba watavuta kidogo tu. Donge halijui kidogo.

Na wakati mdomo bado una ganzi, usile. Nimeona watu wameutafuna mdomo wao wenyewe wakidhani ni chakula.

Kuhusu maumivu, msingoje yafike ndipo mtafute dawa. Ganzi inaisha baada ya saa chache, na inapoondoka huacha mlango wazi. Dozi ya kwanza imezwe kabla. Paracetamol na ibuprofen zinafanya kazi kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo mtu mzima asiye na tatizo la kiafya hupata nafuu zaidi kwa kuzitumia pamoja kuliko kujaza moja. Paracetamol isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na angalieni dawa za mafua, nyingi zina paracetamol ndani yake. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au ujauzito aulize kwanza kabla ya kugusa ibuprofen. Aspirini kwa ajili ya maumivu haya iacheni, inazuia damu kuganda. Na tafadhali, tafadhali, kidonge hakiwekwi juu ya kidonda. Kinachoma ufizi ukabaki mweupe kama karatasi, sasa una vidonda viwili. Antibiotiki nazo si haki ya kila aliyeng'olewa jino. Daktari asipokuandikia hajakudhulumu.

Shavu litavimba. Watu wengi wanashtuka siku ya pili au ya tatu kwa sababu wamevimba kuliko siku ya kwanza, wakadhani wameharibikiwa. Ndivyo uvimbe unavyopanda: kilele chake ni siku ya pili na ya tatu, kisha unashuka. Siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 20 juu ya shavu, dakika 20 pumzika. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Taya litakaza, kinywa kitafunguka vidole viwili badala ya vitatu, na ngozi inaweza kuwa na alama ya zambarau, kisha ya njano, inayoteremka mpaka shingoni. Haipendezi kwenye picha, ila haina neno.

Chakula kiwe laini na vuguvugu: uji, supu, mtindi, viazi vilivyopondwa. Vyenye punje ndogo na bisi viache vikae. Mswaki endelea nao kwenye meno mengine, polepole, ukikwepa kidonda. Kinywa kichafu hakiponyi kitu.

Baada ya saa 24 ndipo maji ya chumvi yanapoingia. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, mara kadhaa kwa siku, hasa baada ya kula. Na hapa ndipo ninapofikia aibu yangu.

Siku ya tatu nilikuwa mzima. Uvimbe umeanza kushuka, nimelala vizuri, nimeshaanza kujibu watu kwenye simu kwamba nimepona. Jioni nikahisi kitu shimoni. Chembe ya chakula, basi. Ninajua, na nawaambia watu kila siku, kwamba maji ya chumvi unayachukua kinywani, unainamisha kichwa huku na huku, kisha unaacha yadondoke. Mimi nikayachukua nikayasukuma kwa mashavu kama mtu anayeosha chupa. Chembe haikutoka. Nikalinyonya shimo kwa ulimi. Nikahisi kitu kimeachia, laini, kikapita. Nikajipongeza. Nililala nikidhani nimetoa mchele.

Saa kumi alfajiri niliamka nimeshika sikio. Nasema sikio, siyo taya. Maumivu ya shimo lililokauka yanapanda, yanakwenda sikioni na kwenye kipaji upande uleule, na yanapiga kwa mdundo wa moyo. Nilimeza dawa ambazo siku mbili zilizopita zilinitosha. Sasa zilikuwa kama peremende. Kinywani palikuwa na ladha ya chuma na harufu ambayo mke wangu aliitambua kabla yangu. Nikasimama mbele ya kioo na tochi ya simu. Shimo lilikuwa tupu. Ndani, mfupa mkavu, wa rangi ya kijivu.

Nilirudi kwa mwenzangu aliyening'oa. Hakuniuliza nilifanya nini; alinitazama tu jinsi mimi ninavyowatazama ninyi. Akalisafisha shimo kwa maji ya chumvi ya hospitali, akaweka kitambaa chembamba chenye dawa inayonukia karafuu, maana ndani yake mna mafuta yatokayo humo. Ndani ya dakika chache maumivu yakaniacha kama mtu aliyefunga mlango. Nilirudi mara mbili kubadilishiwa. Siku kumi hivi zikapita kabla sijasahau kwamba nina sikio.

Shimo kukauka si uambukizo, ndiyo maana antibiotiki hazilitibu. Ni donge limeondoka mapema. Huwapata zaidi wa magego ya chini, wavutaji, na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, kati ya siku ya pili na ya tano. Kwa hiyo sheria ya wazi ni hii: maumivu ya kawaida yanapungua kila siku. Yakipungua kisha yakapanda ghafla siku ya tatu au ya nne, rudi. Usijitibu kwa uvumilivu. Na ukiona shimoni utando mweupe au wa njano ambao hauumi, usiuchokonoe. Si usaha. Ni kidonda kinapona.

Yako machache ambayo hayangoji asubuhi. Damu inayotiririka licha ya kuuma shashi safi bila kuachia. Homa. Uvimbe unaoendelea kukua baada ya siku ya tatu. Na zaidi ya yote: ukivimba chini ya ulimi au shingoni, ukashindwa kumeza mate yako, sauti ikabadilika au pumzi ikawa nzito, nenda hospitali wakati huohuo, hata kama ni usiku wa manane. Mdomo wa chini au ulimi ukibaki na ganzi siku ya pili, mjulishe aliyekung'oa ili aandike na kufuatilia. Waliong'olewa gego la juu nao wana sharti lao: juu ya mizizi hiyo kuna uwazi unaowasiliana na pua. Wiki mbili usipenge kamasi kwa nguvu, na ukipiga chafya fungua kinywa. Maji unayokunywa yakitokea puani, hujarogwa, ila rudi.

Nyuzi nyingi huyeyuka zenyewe kwa wiki moja au mbili. Shimo linaziba juu kwa wiki kadhaa. Mfupa wa ndani unajaza kwa miezi, na wewe huna habari. Siku chache za kukaa nyumbani zinawatosha wengi. Waombeni wakubwa wenu siku hizo mapema, msingoje mvimbe ndipo muombe.

Maswali tutayachukua sasa. Ila aanze huyu kijana wa safu ya tatu. Njoo hapa mbele, usione haya. Hebu achama. Kinafunguka vidole vingapi? Kimoja. Na ni upande wa chini, siyo? Ni mara ya ngapi ufizi huo unavimba mwaka huu? Ya nne. Haya, wewe hutasubiri maswali ya wenzako. Kaa hapa karibu yangu, tukimaliza tunaondoka pamoja kwenda kupiga picha. Na hiyo sigara iliyo mfukoni mwa shati, nipe mimi niitunze.